Matambara Mabichi

Baba yangu alikuwa mali ya umma. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Nasema kama ambavyo ungesema bomba la njia panda ni mali ya umma: kila mtu anachota, na hakuna anayeuliza kama limechoka. Alikuwa mchongaji na alikuwa diwani, na miaka yote niliyoishi chini ya paa lake sikujua kazi ipi ilitangulia na ipi ilifuata, maana mikono ileile iliyofinyanga pua za watu ndiyo iliyozibua mitaro yao.

Mji wetu ni mdogo. Ukipiga chafya sokoni, aliyeko zahanati anakuambia afya. Lakini kwa sanamu hatuna mpinzani. Kobe wawili kwenye lango la shule, ambao watoto wamewakalia mpaka migongo inang'aa, ni kazi ya baba. Mwalimu mkuu wa kwanza, aliyesimama nje ya maktaba na miwani yake ya saruji, ni kazi ya baba. Mzee aliyechimba kisima cha kwanza, mwanamke aliyeanzisha soko, hata mbwa wa stesheni aliyezoea kungoja abiria, wote wamepita mikononi mwake. Watu walimwita Diwani Udongo, kwa sababu alikuwa akiingia vikaoni na udongo hadi kwenye viwiko. Mgeni rasmi mmoja alirudi kwao na alama ya kiganja cha baba mgongoni mwa shati jeupe, na inasemekana hakuambiwa na mtu.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuamini macho. "Macho ni wambea," alizoea kusema, "yanaona kitu kisha yanaongeza ya kwao. Kidole kinasema kilichokuta." Basi kabla ya kumfinyanga mtu alifumba macho na kumpapasa uso kwa vidole gumba, taratibu, kuanzia katikati ya paji la uso hadi kwenye kidevu. Karibu kila mtu mzima wa mji ule amewahi kusimama mbele ya baba yangu kama aliyekaa kwa kinyozi, ametulia, anaogopa kucheka. Baada ya hapo hakuhitaji kukuona tena.

Alianza kwa udongo wa mfinyanzi. Sanamu ikishapendeza alichukua umbo lake kwa plasta, akamimina saruji ndani ya umbo, na udongo ukarudi pipani kungoja mtu mwingine. Udongo ule ule ulizunguka miaka nenda miaka rudi. Leo ni shavu la mwalimu, kesho ni sikio la mbwa. Lakini sanamu ya udongo ambayo haijakamilika haitaki mchezo. Ikikauka inapasuka. Lazima ifungwe matambara, na matambara yamwagiliwe maji kila siku. Na palikuwa na sheria moja katika banda la kazi nyuma ya nyumba yetu, sheria ambayo niliijua kabla ya kujua kusoma: kazi ya mtu haifunuliwi na mtu mwingine. Unamwagilia juu ya matambara, basi. Anayefunua ni yule aliyefunga.

Aliyemwagilia alikuwa mama. Baba angemwagilia saa ngapi? Asubuhi palikuwa na mtu mlangoni ambaye jirani yake amehamisha mpaka. Mchana kamati ya maji. Jioni kamati ya barabara, ambayo ilikuwa kamati ya maji ileile ikiwa imebadilisha viti. "Udongo uwahi ungali maji," alikuwa akiwaambia wajumbe, akimaanisha wamalize ugomvi kabla mioyo ya watu haijawa migumu. Walimpigia makofi. Mama, aliyekuwa nyumbani na ndoo, hakuwepo kusikia.

Sasa nikueleze habari ya kichwa cha mama.

Nilikuwa bado mdogo, niko madarasa ya chini. Baraza la mji lilikuwa limevunjwa kungoja uchaguzi, na baba kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kwenda. Siku za mwanzo alizunguka nyumba nzima akirekebisha vitasa ambavyo havikuwa vimeharibika. Kisha akamwambia mama, "Hebu kaa hapo." Mama akakaa kwenye kigoda bandani na ungo wake wa mchele mapajani, maana hakuwa mtu wa kukaa bure, na baba akafumba macho akampapasa. Vidole vilipofika karibu na masikio mama alitekenyeka. Alicheka kile kicheko chake kilichoanzia jicho la kushoto na kushuka mdomoni kwa kuchelewa, kana kwamba mdomo ulikuwa haujapata habari.

Na baba alikikamata. Nilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu haya ya kimbea. Kichwa cha udongo kwenye kigingi chake, na mama ndani yake anaanza kucheka. Yalikuwa yamebaki masikio na nywele za kisogoni tu. Mama alikizunguka kile kichwa, mchele umesahaulika, akasema, "Kumbe ndivyo ninavyokuwa?"

"Ndivyo unavyokuwa," baba akasema. "Nikimaliza nakuweka hapo mlangoni. Kila atakayeingia akusalimu kwanza."

Kisha uchaguzi ukafika, baba akashinda, na mtu akagonga mlango. Baba akafunga kichwa kwa matambara na kusema, "Nitamalizia wiki ijayo."

Wiki ijayo ya baba yangu ilikuwa ndefu. Nilimaliza shule, nikajifunza cherehani, nikafungua duka langu la ushonaji karibu na stesheni, na wiki ijayo ilikuwa bado haijafika. Kila alipopita kwenye pembe ile ya banda baba alikipigapiga kichwa kwa kiganja juu ya matambara, kama mtu anavyombembeleza mtoto asiamke, akasema, "Nakuja, nakuja." Kisha akachukua koti lake na kwenda kwenye kikao.

Mama alimwagilia. Matambara yakioza alikuja dukani kwangu kuomba vipande. "Vya pamba, mwanangu," alisema kila mara, kana kwamba sijawahi kusikia. "Nailoni haishiki maji." Siku moja nilishindwa kuvumilia, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia, "Mama, unamwagilia kitu kile kama mche. Unadhani kitaota?"

"Kikiota," akasema, "kitazaa mume anayekaa nyumbani. Nitakuletea na wewe mbegu."

Alikuwa hivyo. Ukimpelekea hasira anakurudishia mzaha. Alimwita baba "Mheshimiwa" hata akimwambia aoshe miguu. Alipoambiwa na majirani kwamba mumewe anajenga mji, alijibu kuwa mfinyanzi hulia gaeni, na akawaonyesha paa letu linalovuja. Sufuria yake ndogo, ile yenye bonde ubavuni aliyoipenda kuliko zote, ilipopotea, alisema wameondoka nayo wageni wa Mheshimiwa. Jambo lile lilitufurahisha mno. Baba mwenyewe alisimama mwisho wa kikao cha baraza, kwenye mengineyo, akatangaza kwamba mwenye sufuria ya mke wake airudishe bila kuulizwa maswali. Mji mzima ulicheka. Hata leo kuna watu wakiniona wananiuliza kama sufuria ilipatikana.

Lakini mara moja tu aliniambia bila mzaha. Tulikuwa tunakunja nguo. Akasema, "Mimi si mtu wa makuu. Ila nikizeeka ningependa nijitazame alivyoniona siku ile." Kisha akanipa ncha nyingine ya shuka.

Mwaka wa mvua kubwa, mkunga wa zahanati alifariki. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, mimi nikiwemo, na baraza likaamua kwa kauli moja awekewe sanamu mbele ya wodi ya wazazi. Baba aliomba ruhusa kwa ndugu za marehemu, akachukua umbo la uso wake kwa plasta kabla ya kuzikwa, kwa sababu hakuwahi kumpapasa akiwa hai na alijilaumu kwa hilo. Kazi ikaanza. Kichwa kikatoka vizuri, lakini alitaka mabega na mikono, mikono iliyobeba mtoto, na udongo wa pipani haukutosha. Udongo wetu unachimbwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umebomoa daraja. Wakati huohuo habari zikaja kuwa mgeni rasmi ameiwahisha tarehe ya uzinduzi.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa wazazi, nimekaa barazani nashona kitambaa cha kufunikia sanamu. Baba alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Tarishi wa baraza akaja mbio kumwita: watu wamekusanyika mtoni, wanataka kuvuka kwa kamba, diwani aje awazuie.

"Nenda kwenye daraja lako, Mheshimiwa," mama akamwambia. "Ukirudi utaukuta udongo."

"Utatoka wapi?"

"Nimekwambia nenda."

Akaenda. Mama akaingia bandani na kufunga mlango. Nilisikia mwiko mzito wa kupondea udongo ukipiga ubao, puu, puu, kwa muda mrefu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya mvua akaosha mikono, akaosha tena, akasimama pale akiitazama. Baba aliporudi alikuta juu ya ubao rundo la udongo laini, umekandwa vizuri, umefunikwa kitambaa.

"Umeutoa wapi huu, mke wangu?"

"Mke wa mchongaji akikosa udongo, huyo si mke."

Baba alicheka, akakunja mikono ya shati, akaanza kazi. Mkunga alipozinduliwa, watu wazima walilia hadharani. Mgeni rasmi aliutaja udongo wa nyumbani unaojenga taifa. Mama alikuwa nyuma kabisa, nyuma ya mwanamke mwenye kofia pana, anapiga makofi.

Hivyo ndivyo alivyo katika picha zote. Nimezitafuta, naapa, nimepindua masanduku. Ama yuko nyuma ya kofia ya mtu, ama ameinama anagawa vikombe, ama yeye ndiye aliyeshika kamera. Picha ya harusi yao imeliwa na unyevu wa paa lilelile, na imeanzia usoni. Kitambulisho chake kinamwonyesha kama mtu aliyekamatwa. Uso wa mama yangu, ule wenyewe, ulikuwa mahali pamoja tu hapa duniani: chini ya matambara.

Mama hakuugua sana. Angeugua sana, labda baba angepata nafasi ya kumuuguza kati ya kikao na kikao. Aliamka akasema kifua kinambana, akamwagilia matambara, akanitumia ujumbe kwamba nije na gari. Baba alikuwa mtoni na mhandisi. Daraja lilelile, miaka yote ile lilikuwa la mbao za kuzibia, na hatimaye lilikuwa linajengwa la kweli. Nilimpigia simu mpaka masikio yakachoka. Simu ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa limetundikwa mbali na kelele za mashine. Alipofika hospitali, matope hadi magotini, mama alikuwa tayari amefunikwa shuka.

Muuguzi alikuwa binti mpole. Akamwuliza, "Mzee wangu, pole sana. Tukufunulie umuone?"

Baba alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa ameificha mikono nyuma kwa sababu ilikuwa michafu. "Hapana, binti yangu," akasema. "Muacheni apumzike. Uso wake ninao nyumbani."

Seremala alikuwepo, rafiki yake wa tangu ujana, ndiye anayemtengenezea vigingi na vibao. Alimvuta pembeni, lakini Seremala hajui kunong'ona, nikasikia kila neno. "Ndugu yangu, plasta imebaki kwangu. Nikaichukue? Ulimfanyia mkunga. Au basi mguse tu. Mguse mara moja."

"Huyu amelala," baba akasema. "Mimi ninaye anayecheka. Kwa nini nichukue huyu?"

Wakati ule niliona ni maneno mazuri. Niliwasimulia hata waliokuja kutupa pole. Ninaye nyumbani, baba kasema. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za kanga wakasema huo ndio upendo. Leo nikiyakumbuka nasaga meno.

Baada ya mazishi baba alimwambia mwenyekiti wa baraza kwamba asiitwe tena. Alisema wazi, mbele ya watu. Hajaacha udiwani, lakini ana kazi moja ya nyumbani aliyoichelewesha, na mpaka imalizike mitaro itajizibua yenyewe. Alisafisha banda. Alinoa vibao vyake vya kuchongea, akavipanga. Seremala alileta kiweko cha mbao ngumu cha kukisimamishia kichwa mlangoni, ambacho nilimwona akikipiga msasa kwa siku kadhaa nje ya karakana yake, akipuliza vumbi, akianza upya. Na mimi katika siku zote hizo za msiba nilimwagilia matambara. Hakuna aliyenituma. Nilichukua ndoo ya mama, nikamimina polepole kama yeye, nikaona maji yakipenya na kufuata lile duara la kichwa, nikaongea naye kidogo. Nilimwambia kuwa Mheshimiwa yuko nyumbani. Nilimwambia wiki ijayo imefika.

Tulikuwa watatu bandani siku ile: baba, Seremala na mimi. Jua lilikuwa limeingia vizuri dirishani. Baba alinawa mikono, akaifuta, akasimama mbele ya kigingi.

"Haya, mama," akasema. "Nimekuja."

Akaanza kufungua. Tambara la juu, la pili. Nilivitambua vipande vyangu: gauni la mwalimu, shati la sare ya shule, pazia la mtu fulani. Mama alikuwa amefunga tabaka nyingi sana, nyingi kuliko ilivyohitajika. Baba alikuwa akivitandaza kimoja kimoja mezani kwa heshima. Kisha mkono wake ukasimama. Kidole gumba chake kilikuwa kimegusa kitu kupitia tambara la mwisho, na kidole kilisema kilichokuta.

Alilivuta tambara. Juu ya kigingi, imefunikwa kichwa chini, ilikuwa sufuria. Ile ndogo. Ile yenye bonde ubavuni.

Tone la maji lilitoka kwenye ukingo wa sufuria likaanguka kwenye ubao. Seremala alivua kofia, kisha akaivaa tena, hakujua la kufanya. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kicheko, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeitafuta sufuria ile. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Baba aliichukua sufuria kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatazama ndani, kana kwamba huenda mama yumo. Kisha akakaa kwenye kile kigoda.

"Siku ile ya mvua," akasema.

"Baba."

"Nilimuuliza. Si nilimuuliza? Nilimwambia umeutoa wapi."

"Ulimuuliza, baba."

"Akanijibu, mimi nikacheka." Aliitazama mikono yake. "Niliutia mabegani. Nilimtia kwenye mabega ya mkunga na sikumjua."

Na baada ya mkunga udongo ulirudi pipani, kama kawaida, ukapondwa pamoja na mwingine. Ukawa mzee wa kisima. Ukawa mbwa wa stesheni. Watu wa huruma wameniambia kwamba basi mama yangu sasa yuko kila mahali mjini, nijifariji kwa hilo. Sitaki awe kila mahali. Huyo wa kila mahali alikuwa baba. Mama nilimtaka mlangoni.

Nimejiuliza sana kwa nini alifanya vile. Pengine kwa sababu alimpenda mtu anayekaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Pengine na yeye alikuwa ameambukizwa ugonjwa ule wa kutomwambia mtu hapana, na hasira yangu nyingine iko kwake. Lakini kwa nini basi aliifunga sufuria? Kwa nini aliendelea kumwagilia, mwaka baada ya mwaka, akija kwangu kuomba pamba? Angeweza kusema. Angeweza kukiacha kigingi kitupu akione. Nadhani, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nadhani alikuwa akimngoja afunue. Alimwekea mzaha pale, mzaha mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, ili siku Mheshimiwa atakapokaa nyumbani na kufunua matambara akute sufuria, wacheke wote wawili, kisha amwambie, "Hebu kaa hapo," na aanze upya. Uso si ulikuwepo? Uso ulikuwa pale jikoni kila siku.

Seremala aliondoka kimya, akakiacha kiweko chake mlangoni. Baba alisema, "Njoo, mwanangu."

Nilijua anachotaka. Nilipiga magoti mbele yake. Akafumba macho, akaweka vidole gumba katikati ya paji langu la uso, akaanza kushuka. Vilikuwa vya baridi. Vilizunguka macho, vikarudi, vikazunguka tena. Vilikwenda kwenye jicho la kushoto vikakaa, vikingoja kitu. Nilijaribu kucheka. Nilijaribu kweli, kwa ajili yake, nikilitafuta jicho ambalo sina. Maana tangu nizaliwe watu wananiambia jambo moja, sokoni, shuleni, hata mkunga alilisema siku ananipokea: huyu kamtoa baba yake, hakubakisha.

Vidole vilifika kidevuni vikasimama.

"Hapana," baba akasema. "Huyu ni mimi."

Baada ya hapo alijaribu kwa udongo. Nitasema hili ili nimtendee haki: alijaribu kuliko alivyowahi kujaribu kazi ya mji. Siku nzima, kila siku, mlango wazi, anafumba macho na kutafuta. Nilikuwa nampelekea chakula na kukuta kichwa kingine kwenye kigingi. Kimoja kilikuwa cha mkunga. Kingine cha mwanamke wa soko. Kingine, mashavu na kila kitu, cha mwenyekiti wa baraza. Vidole vyake vilimjua kila mtu. Alikuwa akinitazama, anauliza, "Pua yake ilikuwaje hapa juu?" na mimi nilikuwa nafungua mdomo na kuona kwamba ninachokijua ni sauti, ni mikono, ni namna alivyosimama mlangoni, na pua haipo. Kisha alikuwa akikisukuma kichwa chini kwa kiganja na kukirudisha pipani. Siku moja nilikuta kigingi kitupu na pipa limefunikwa.

Juzi nilipita asubuhi kabla ya kufungua duka. Tarishi wa baraza alikuwa mlangoni, amevaa shati la pasi. Daraja linafunguliwa, mgeni rasmi ameshafika, wananchi wanamwomba Diwani Udongo aje akate utepe, maana bila yeye lisingekuwepo. Mlangoni pale pembeni kiweko cha Seremala kilikuwa wazi, na mtu alikuwa ameegesha mwavuli juu yake.

"Mwambie mwenyekiti nina kazi," sauti ya baba ilitoka bandani. "Nitakuja nikimaliza."

"Utamaliza lini, mzee?"

Tarishi akanitazama, mimi nikamtazama, akaenda zake.

Nilizunguka nyuma. Baba alikuwa amesimama kwenye ile pembe na ndoo ya mama mkononi. Sufuria ilikuwa imerudi kwenye kigingi, imefungwa upya kwa matambara, tabaka juu ya tabaka, duara lake limetengenezwa vizuri. Alikuwa akimimina maji polepole, akiyaacha yapenye kabla ya kuongeza, na kwa mkono wa pili alikuwa amelishika tambara la juu lisiteleze. Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema, "jioni ukipita niletee vipande. Hivi vimeanza kuoza."

"Nitakuletea, baba."

"Vya pamba," akasema. "Nailoni haishiki maji."